Rafu ya Duka na Sanduku la Kura



Wapo wanaodhani kwamba mageuzi ni jambo la mikutano ya hadhara, mabango na hotuba za wakubwa, na kwamba mama aingiaye dukani kununua paketi ya unga na nusu lita ya mafuta hana sehemu katika habari hiyo. Mimi naona kinyume. Serikali tunakutana nayo penye sanduku la kura mara moja katika miaka mitano. Dukani tunakutana nayo kila siku. Kodi imo ndani ya bei ya sabuni. Sera ya kilimo imo ndani ya paketi ya unga wa sima. Uzembe wa mkaguzi umo ndani ya mizani. Na ukimya wetu sisi wananchi umo ndani ya yote hayo.

Naandika haya nikiufikiria mji wa Lunga Lunga, ulio mwisho wa Kenya kwa upande wa kusini, ukitazamana na Horohoro ya Tanzania. Huko, kama ilivyo katika miji mingi ya pwani yetu, duka la kale lenye kaunta na nondo sasa linapakana na duka la kujihudumia, ambalo watu huliita supamaketi hata likiwa na safu tatu tu za rafu. Mkulima wa Mwereni, mvuvi wa Vanga, mwalimu wa Dzombo na dereva wa lori anayesubiri karatasi zake forodhani, wote hupanga foleni moja mbele ya keshia mmoja. Pahali pa kuupimia usawa wa raia hapapatikani kwa urahisi kuliko hapo.

Katika duka la kaunta bei aliijua mwenye duka peke yake. Ukimwuliza, alikutazama kwanza viatu, ndipo akajibu. Lakini tuseme kweli: duka hilo lilikuwa na huruma yake. Liliuza sukari ya robo, mafuta ya kipimo, chumvi ya shilingi chache. Na penye shida lilikopesha, deni likaandikwa daftarini hadi mwisho wa mwezi. Supamaketi haikopeshi. Ilichokuja nacho ni kitu kimoja ambacho duka la kaunta halikuwa nacho, nacho ni bei iliyoandikwa, inayoonekana na kila mtu, sawa kwa tajiri na kwa maskini. Hilo ndilo jambo kubwa, na hilo ndilo ninalotaka tulilinde.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wa mpakani wanayakumbuka mambo mawili. La kwanza ni la mwaka 1977, pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari. Mpaka haukufunguliwa tena ila Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba Wadigo wa Kwale na Wadigo wa Tanga, watu wa ukoo mmoja ambao Waingereza na Wajerumani waliwachorea mstari mwaka 1886 pasipo kuwauliza, walikatazwa kuuziana bidhaa kwa njia ya halali. Ng'ambo ile sabuni na sukari zilitafutwa kama dawa. Biashara haikufa, maana njia za panya hazina lango. Kilichokufa ni haki: anunuaye kwa siri hana wa kumlalamikia akipunjwa.

La pili ni mahindi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwananchi hakuweza kusafirisha mahindi mengi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, na magunia yalishushwa vizuizini mbele ya macho ya mwenyewe. Kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982 kilifutwa Desemba 1991; uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992; na biashara ya mahindi ikafunguliwa kikamilifu mwishoni mwa 1993. Siasa na soko vilifunguliwa kwa kufuatana. Lakini soko lilifunguliwa bila mlinzi. Sheria kamili ya kumlinda mnunuzi haikuja ila mwaka 2012, takriban miaka 20 baadaye. Katika kipindi hicho tuliambiwa kwamba ushindani utatulinda wenyewe. Ushindani haulindi mtu asiyejua bei, asiyejua uzito, na asiyeweza kuyasoma maandishi ya paketi.

"MASHINE NDIYO IJUAYO"

Siku moja, katika duka ambalo sitalitaja, nilichukua paketi ya sukari iliyobandikwa bei kwenye rafu. Kwa keshia ikasomeka bei nyingine, zaidi kwa shilingi 15. Nilipouliza, kijana wa watu alinijibu kwa adabu, "Mzee, mashine ndiyo ijuayo." Nyuma yangu watu walikuwa wakikohoa kwa haraka, na mmoja wao akanishauri, "Lipa tu bwana, biashara haigombi."

Methali hiyo ni ya kweli, lakini maana yake imepotoshwa. Biashara haigombi kwa sababu pande mbili zimekubaliana bei kabla ya mali kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ikiwa bei imebadilishwa njiani, kati ya rafu na keshia, huo haukuwa mkataba. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 yampa mnunuzi haki nne: bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, habari anazozihitaji ili afaidike nazo, ulinzi wa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia akipata hasara au madhara yanayotokana na kasoro za bidhaa. Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya 2012 nayo imekataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bei na bidhaa. Shilingi 15 si mali nyingi. Lakini zikusanye kwa kila mnunuzi wa siku nzima, kwa mwezi mzima, ndipo utaona kwamba haba na haba hujaza kibaba cha mtu mwingine.

Jibu lile la kijana ndilo lililonikaa moyoni. Mashine haijui lo lote ila lile iliyoambiwa na mtu. Na sisi Wakenya tumekwisha kulisikia jibu hilo katika jambo kubwa kuliko sukari. Katika kesi ya uchaguzi wa urais wa 8 Agosti 2017 tume ya uchaguzi iliamriwa na Mahakama ya Juu iruhusu mitambo yake ichunguzwe, nayo haikutii amri hiyo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ikaufuta uchaguzi. Fundisho lake ni jepesi: asiyetaka hesabu yake ikaguliwe asitake iaminiwe. Katika uchaguzi, fomu ya 34A inayotiwa sahihi katika kituo cha kura ndiyo risiti ya mpiga kura. Mwaka 2022 fomu hizo ziliwekwa hadharani, kila mwenye uwezo akajumlisha mwenyewe. Raia aliyezoea kuisoma risiti yake dukani, akajumlisha, akauliza, hatakuwa mgeni wa fomu ya 34A. Na aliyezoea kuambiwa "mashine ndiyo ijuayo" atanyamaza kotekote.

MIZANI NA MAANDISHI

Tutazame uzito. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, yataka mizani itumiwayo katika biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipoutazama muhuri wa mizani iliyokupimia nyama au mchele? Anayepunjwa zaidi ni yule anunuaye kidogo kidogo, naye aghalabu ndiye asiye na kitu. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 160, na robo inauzwa shilingi 45. Aliye na fedha za kilo hulipa 160. Asiye nazo hununua robo nne kwa siku nne akalipa 180. Tofauti hiyo ni gharama ya umaskini, na pengine mwenye duka ana sababu zake za halali, maana kufungafunga ni kazi. Lakini robo ile ikiwa pungufu, maskini ametozwa mara mbili. Wapunjao vipimo wamekemewa hata na dini: katika Kurani Sura ya 83 imepewa jina lao. Dola yetu haihitaji kuwa na dini ili iwe na aibu.

Tutazame na maandishi. Ibara ya 7 ya Katiba yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini simama mbele ya rafu. Paketi nyingi zinazotoka viwanda vya Nairobi zimeandikwa Kiingereza kitupu: vilivyomo, namna ya kutumia, tahadhari, tarehe ya mwisho. Bidhaa ya Tanga au Dar es Salaam iliyovuka Horohoro huenda ikamwambia mnunuzi wa Lunga Lunga mambo hayo kwa lugha aijuayo. Ni ajabu kwamba Mdigo wa Kenya aelezwe unga wake vizuri zaidi na kiwanda cha nchi jirani.

Jambo hili si la mapenzi ya lugha tu. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini, ile iitwayo pia sumukuvu, iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya nchi hii waliokula mahindi yaliyoota ukungu. Novemba 2019 Shirika la Viwango lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Tangazo kama hilo likitolewa Nairobi kwa Kiingereza, nani amfikishie habari mama wa Kikoneni mwenye paketi tayari juu ya meza? Habari isiyoeleweka si habari, na haki ya Ibara ya 46 inakuwa pambo la kitabu.

UNGA WA UCHAGUZI

Nafika sasa penye kiini. Mwezi Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza ruzuku, na paketi ya kilo 2 ya unga wa sima ikawekewa bei ya shilingi 90. Mwezi Julai 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa 9 Agosti, ikatangazwa tena, mara hii shilingi 100 kwa kilo 2, wakati bei ilikuwa imepita 200. Na siku ya kuapishwa, 13 Septemba 2022, Rais mpya alisema kwamba ruzuku ile ya unga ilikuwa imekula shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila kuleta nafuu.

Sisemi kwamba ruzuku ni dhambi. Ibara ya 43 yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Mwaka wa ukame serikali isiyoingilia kati haistahili jina hilo. Ninachouliza ni hiki: kwa nini njaa yetu huonekana Nairobi mara moja kila baada ya miaka mitano? Mbona unga hushuka bei karibu na kura na kupanda baada ya kura? Fedha zile ni zetu. Ziligawiwa wasagishaji gani, kwa kiasi gani, na paketi ngapi zilifika katika rafu za Lunga Lunga? Ruzuku isiyo na hesabu ya wazi haina tofauti na kanga na kofia zigawiwazo siku ya mkutano wa kampeni, ila kwamba hii imelipiwa na anayepewa.

Mwaka 2024 mambo yalikuja kwa mlango wa pili. Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya asilimia 16 juu ya mkate wa kawaida na ushuru wa asilimia 25 juu ya mafuta ya mboga. Vijana wakausoma mswada, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kifungu kwa kifungu ni kitu gani katika kikapu cha mama kitakachopanda bei. Pendekezo la mkate liliondolewa tarehe 18 Juni. Tarehe 25 Juni umma ukaingia Bungeni na damu ikamwagika. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Vijana waliokufa siku zile hawatarudi. Lakini wametuachia funzo: kwa mara ya kwanza watu wengi kiasi hicho waliiona sheria ya fedha kama inavyostahili kuonwa, yaani kama orodha ya bei ya duka kubwa liitwalo Kenya.

MWENYE DUKA NAYE NI RAIA

Nimesikia wafanyabiashara wakinung'unika kwamba mawakili twataka kuwafungia riziki. Hapana. Mwenye duka dogo la Lunga Lunga mara nyingi ni mnyonge mwenzetu. Analipa leseni ya kaunti, kodi ya nyumba, umeme na usafiri kutoka Mombasa. Akiagiza machungwa ya Muheza au vitunguu vya ng'ambo, anakuta mpakani kanuni asizoelezwa. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ianze kutumika Julai 2010, wengi wanadhani mambo yote yamekwisha. Hayajakwisha. Tarehe 5 Machi 2021 mahindi ya Tanzania na Uganda yalipigwa marufuku ghafla, na siku chache baadaye marufuku yakalegezwa kwa masharti. Aliyekuwa na magunia njiani nani alimfidia? Upo utaratibu wa Jumuiya unaomruhusu mchuuzi mwenye bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 kutumia cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa. Mchuuzi asiyeujua hurudi kwenye njia ya panya, na huko hukutana na wale wanaopokea bila kutoa risiti.

Wala ukubwa wa duka si dhamana ya uaminifu. Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1975, na baada yake Nakumatt na Tuskys, zilianguka na kuwaacha waliowaletea bidhaa wakidai. Mwaka 2021 Mahakama ya Ushindani ilishikilia uamuzi kwamba Carrefour ilitumia vibaya nguvu zake juu ya mzalishaji mdogo wa maziwa ya mtindi. Sheria hiyo hiyo yaweza kumlinda mkulima wa maembe na mkamuaji wa mafuta ya nazi wa Kwale atakapobisha mlango wa supamaketi. Mwaminifu hana hasara katika bei ya wazi. Anayepata hasara ni yule anayeshindana naye kwa kupunja.

CHAPA NYINGI, KINU KIMOJA?

Tulipopigania vyama vingi tuliahidiwa chaguo. Leo karatasi ya kura ina vyama vingi kama rafu ilivyo na chapa nyingi. Lakini mnunuzi mwerevu huigeuza paketi akatazama nyuma: umesagwa wapi, na nani, lini? Pengine chapa tatu za rangi tatu zimetoka kinu kimoja. Na sisi wapiga kura tuvigeuze vyama hivi. Mgombea aliyehama vyama vinne katika chaguzi nne ameuza unga ule ule katika mifuko minne. Chaguo bila habari si chaguo, dukani wala kituoni.

Basi twadai haya, na twataka kila mgombea wa eneo la Lunga Lunga, wa udiwani, wa ubunge na wa ugavana, ajibu kwa maandishi kabla hatujampa kura.

Kwanza, bei iliyobandikwa kwenye rafu iwe ndiyo bei, na tofauti yo yote imfae mnunuzi. Risiti itolewe bila kuombwa.

Pili, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti usimamizi wa biashara ya haki, serikali ya Kwale itangaze ratiba ya ukaguzi wa mizani, na iweke katika soko la Lunga Lunga mizani moja ya umma ambapo mtu ye yote aweza kupima upya alichonunua, bila malipo.

Tatu, maandishi ya lazima juu ya bidhaa za chakula na dawa, pamoja na matangazo ya kusimamishwa kwa bidhaa, yawe kwa Kiswahili pia.

Nne, isitolewe ruzuku mpya ya chakula ndani ya siku 90 kabla ya uchaguzi ila kwa idhini ya Bunge, na hesabu yake ichapishwe kabla ya siku ya kura.

Tano, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, inayomruhusu mdai kujisemea mwenyewe kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutaka hukumu itolewe ndani ya siku 60, iletwe karibu: hakimu aketi Lunga Lunga kwa siku maalumu, maana nauli ya kwenda mbali huzidi shilingi zinazodaiwa.

Sita, pale forodhani ubandikwe ubao wa Kiswahili unaoonyesha bidhaa zinazoruhusiwa, ada zake, na jina la ofisi ya kulalamikia.

Hayo ni ya wakubwa. Yetu sisi ni madogo, tena yanaanza leo. Soma bei kabla ya kuchukua. Hesabu mwenyewe kabla ya kufika kwa keshia. Chukua risiti, isome papo hapo. Ukiona kosa, uliza kwa adabu. Na aliye mbele yako katika foleni akiuliza, usimharakishe kwa kikohozi, simama naye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: lakini mnyonge asiyeidai haki hiyo hatapewa na mtu. Watu kumi wakiuliza swali moja katika wiki moja, mwenye duka atabadilisha kibandiko. Watu elfu kumi wakiuliza swali moja katika mwaka mmoja, serikali italazimika kujibu.